Behewa la Gadi Kule Nyambureti

Baba yangu alikuwa gadi wa treni, kazi ambayo hapa Tarime ilibidi uieleze kwanza, maana reli hatuna. Gadi hukaa peke yake katika behewa dogo la mwisho, na bendera zake, taa yake na breki ya mkono. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, alirudi nyumbani Turwa na sanduku la bati. Hakulalamika. Alipoanza kuumwa kifua, aliniomba jambo moja tu: anataka kujua kama behewa lake bado lipo, au limekatwa likawa chuma chakavu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mwandiko mzuri, basi kazi ikawa yangu. Niliandika barua stesheni, nikauliza madereva wa malori. Nilifanya hivyo kama ninavyosahihisha madaftari, bila furaha wala huzuni. Behewa moja, nilijibiwa, lilikuwa banda la kuku huko Tabora. Jingine lilishakatwa. La tatu lilitolewa magurudumu, likapakiwa kwenye lori hadi kijiji cha ujamaa Nyambureti, wakalifanya ghala la mbegu.

Likizo ilipofika nikapanda basi hadi Mugumu, kisha nikatembea. Katibu wa kijiji alinipokea vizuri.

"Karibu, ndugu mwalimu. Hili ndilo ghala letu. Mvua haipiti hata tone."

Nilikwangua rangi ubavuni kwa ufunguo. Namba ikatokea, ile ile aliyoniandikia baba kwenye karatasi. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nikatafuta alama: baba alikuwa amechonga mikato miwili ukingoni mwa mlango, kama tunavyokata masikio ya ng'ombe wetu wasipotelee katika makundi ya watu wengine. Mlango haukuwepo. Penye mlango palining'inia gunia.

"Mlango tuliutengenezea meza ya elimu ya watu wazima," katibu akasema. Akanionyesha. Meza nzuri, imepigwa randa ikalainika kabisa.

Niliporudi Turwa nilimkuta baba ameketi kitandani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeliona?"

"Nimeliona. Namba ni yenyewe."

"Na alama?"

Kifua kilikuwa kinamkoroma. Nikaona habari za meza na randa za nini.

"Ipo, baba. Mikato miwili."

"Sikio lipi la mlango, la kulia au la kushoto?"

Sisi wasichana ng'ombe tuliwakamua tu. Mambo ya masikio walifundishwa kaka zangu. Nilifikiri ni swali la kupitisha muda.

"La kulia."

"Ng'ombe zetu hukatwa kushoto," akasema taratibu, kama anayemweleza mgeni. "Hilo si langu, mama. Umeona la mtu mwingine. Langu wamelikata."

Hapo nikamwambia yote: gunia, meza, randa. Nikaapa kwamba namba ilikuwa ile ile. Aliitikia kwa kichwa, kwa upole, akijua sasa kwamba binti yake husema uongo.

"Umechoka na safari," akasema. "Nenda ukale."

Nilikwenda, nikala. Alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Zilipofunguliwa niliingia darasani nikafundisha hesabu za kugawanya, na hakuna mtoto aliyeona tofauti.

Ile karatasi ninayo bado. Namba ni sahihi.