Kulala Kifudifudi Nyumbani kwa Watu

Mguu wangu wa kushoto hupiga sakafu. Wanaonijua husikia nikija kabla hawajaniona: hatua moja ya kawaida, halafu kofi. Wayo hauinuki. Nikivaa ndala inabaki nyuma, nikivaa viatu vya kufunga watu wananiuliza leo ni harusi ya nani. Wageni wakiuliza nilipatwa na nini, mama mkwe hujibu kabla sijafungua mdomo, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya, nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, maana kukaa bado kunaniuma. Jibu lenyewe nitalisema mwisho. Nikilisema sasa nitatukana, na bado mapema.

Niliolewa kijiji cha Wema, katika mji wa Wagiriama ambao babu zao walikuja huku delta kutoka kusini wakitafuta ardhi yenye maji. Ardhi waliipata. Kazi ya kuinama wakawaachia wake zao. Mimi nilizaliwa Garsen, baba yangu akiuza dukani, na sikujua kwamba mtu anaweza kuinama kutoka alfajiri hadi jioni na bado aambiwe hajafanya kitu. Kufagia ni kuinama. Kupuliza moto ni kuinama. Kukuna nazi ni kukaa juu ya mbuzi magoti yamekaribia masikio. Mpunga ndio usiseme.

Mwaka ule mto ulikuwa umefurika ukarudi, shamba likabaki tope jeusi zuri, na sisi tukawa tunapandikiza mpunga kwa haraka kabla ardhi haijakauka. Nilinyanyua gunia la miche iliyolowa, miguu imezama hadi kwenye vigimbi, nikageuza kiuno nimpe mwenzangu. Sikusikia mlio wowote. Nilihisi moto tu, ukiteremka kutoka kiunoni, nyuma ya paja, hadi kidole gumba cha mguu. Nilianguka kwa magoti, na wenzangu wakacheka wakidhani nimeteleza.

Basi nikakandwa. Nilikandwa kwa mafuta ya nazi, nikakandwa kwa maji ya moto, na shangazi mmoja wa mume wangu akanikanyaga mgongo kwa kisigino huku akiniambia nitulie. Nilitulia, na usiku nikashindwa kugeuka. Mwishowe mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Garsen, aliomba ruhusa akanipeleka hospitalini Hola.

Huko nilimkuta dada mmoja wa fizio, hao wanaotibu kwa mazoezi. Alitazama picha ya mgongo wangu, kisha akachukua andazi lililokuwa kando ya kikombe chake cha chai. Akaliminya upande mmoja, likatokeza upande wa pili. "Kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna kitu laini hivi," akasema. "Chako kimepasuka na kutokeza nyuma, kinagandamiza mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Kila ukiinama unakiminya. Sasa sisi tutafanya kinyume." Andazi akalirudisha kwenye sahani, na nadhani alilila baadaye.

Kinyume chenyewe kilikuwa rahisi hata nikaona nimesafiri bure. Nilale kifudifudi sakafuni, mikono kando, nipumue. Kisha nijiegemeze kwa viwiko. Nikizoea, nisukume kwa viganja, kifua kiinuke na nyonga zibaki chini, nishuke, nirudie, mara nyingi kwa siku. Katikati ya hayo nitembee polepole. Nisiinue kitu, nisiiname, nisikae kwenye kitu kifupi. "Maumivu yakipanda kutoka mguuni kuja kiunoni usiogope, hata kiuno kikiuma zaidi," aliniambia. "Hapo furahi, maana unapona. Lakini yakizidi kushuka, au wayo ukianza kulegea, siku hiyo hiyo uje hapa."

"Dada, na nazi nitakuna vipi?" nikamuuliza.

"Akune mwingine," akasema. Heri yake, huko kwao kuna mwingine.

Nilirudi nyumbani nikafanya kama nilivyoambiwa. Chumbani chini ya mabati palikuwa na joto la kuivisha mkate, kwa hiyo nilitandika mkeka barazani, upande wenye kivuli. Baba mkwe alikuwa akikaa hapo hapo mchana, juu ya kitanda chake cha kamba, kwa sababu alikuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa imemvimba, kifua kinakoroma, na hali hiyo ilikuwa ya muda mrefu, tangu kabla ya mafuriko. Tulizoeana pale, mgonjwa na mgonjwa. Yeye alikohoa, mimi nikajisukuma kwa viwiko, na wakati mwingine aliniuliza kama mguu umeniachia.

Na uliniachia. Moto ulitoka kwenye kidole gumba kwanza. Kisha kigimbi kikapoa. Siku moja nikaona maumivu yote yamekusanyika kiunoni, yananiuma kwelikweli, nami nikawa nacheka peke yangu kwenye mkeka.

Hapo ndipo mama mkwe aliponiona nikicheka.

"Mtoto wa watu," akasema, "unamlilia nani?"

Sikumwelewa mpaka alipofafanua, na alifafanua kwa sauti ya kufika kwa majirani. Katika mji ule mwanamke hujitupa kifudifudi chini siku ya msiba tu. Anayelala hivyo bila msiba anauita msiba. Na mimi nilikuwa nauita barazani, mchana kweupe, hatua mbili kutoka kwa mumewe mgonjwa, tena huku nacheka. Nilimweleza habari ya andazi. Aliniambia yeye amezaa watoto tisa akiinama, na hajawahi kuona mgongo unaotibiwa kwa kulala.

Baba mkwe aligeuza kichwa. "Mwacheni," akasema. "Mimi naumwa tangu yeye hajalala."

Mungu amrehemu mzee yule. Ndiye peke yake aliyenitetea katika nyumba ile, na alinitetea akiwa hana pumzi.

Nilihamia chumbani na mkeka wangu, nikavumilia joto. Mama mkwe akawa anasukuma mlango bila kubisha. Akinikuta chini anasonya, anaurudisha mlango, kisha namsikia uani akiwahesabia wenzake mara alizonikuta. Mume wangu nikimwambia jioni, ananyoosha mikono. "Ni mama," anasema. "Utamfanya nini?" Sikutaka afanywe kitu. Nilitaka aambiwe tu, na mwanawe, kwamba mke wake ana ugonjwa na ile ni dawa. Sentensi moja. Hakuwahi kuisema, na mpaka leo nikimtazama akila naikumbuka sentensi hiyo.

Baba mkwe alifariki asubuhi. Nilikuwa sakafuni, viganja chini, kifua juu, niliposikia kelele zikianza barazani. Kabla sijajizoazoa, mlango ulifunguliwa. Mama mkwe alisimama juu yangu, kanga imemwanguka kichwani.

"Haya, inuka sasa," akasema. "Umempata."

Mtu akishaambiwa hivyo, na nyumba nzima ikasikia, hana pa kujificha. Hanga ikaanza, matanga ya Kigiriama, wanawake wote tukilala chini uani, watu wakiingia kutoka kila upande wa mto, masufuria makubwa yakipikwa kuanzia asubuhi. Kila mwanamke aliyefika aliniangalia kwanza mimi, kisha jeneza. Mume wangu alinivuta nyuma ya nyumba. Nilidhani ananipa pole.

"Siku hizi chache tu fanya kama wenzako," akasema. "Chota maji, pika, waone. Wakikukuta tena umelala vile, hapa hatutakaa."

Nilijua vizuri nilichokuwa naambiwa nichague. Ni mguu wangu au jina langu. Nilikuwa na watoto wawili katika mji ule, na jina langu ndilo walilokuwa wakilitumia. Nikashika ndoo.

Nilichota maji mtoni pamoja na wengine. Niliinamia masufuria. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi za waombolezaji mpaka mikono ikafa ganzi, na mama mkwe alipita akaniona, akanyamaza, na ule unyamavu wake ndio uliokuwa sifa yangu. Moto ulirudi kwenye paja siku ile ile. Kesho yake ukawa kwenye kigimbi. Nilijua maana yake, maana nilikuwa nimeambiwa kwa lugha nyepesi na mtu mwenye andazi mkononi. Niliendelea kukuna.

Halafu asubuhi moja, nikipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, ndala ilibaki nyuma. Nikarudi nikaivaa. Ikabaki tena. Nikatazama chini nikauambia wayo uinuke, na wayo ukanitazama tu. Maumivu yalikuwa yamepungua sana bila kupanda kiunoni, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Nipeleke Hola leo," nilimwambia mume wangu.

"Leo?" akasema. "Na watu wote hawa? Ngoja hanga iishe."

Nilingoja. Ningefanya nini? Pesa za safari zilikuwa mfukoni mwake na mguu wa kunifikisha barabarani sikuwa nao. Tulipofika Hola, dada wa fizio aliushika wayo wangu kwenye kiganja chake.

"Inua," akasema.

"Nimeinua."

Alikuwa akiangalia wayo uliolala mkononi mwake, haujasogea hata kidogo. Akanipeleka kwa daktari, na daktari akasema mshipa umebanwa muda mrefu mno. Upasuaji ungenipunguzia maumivu, lakini kuhusu wayo hakunipa ahadi. Ningefika siku ile ile ulipolegea, labda. Alisema labda hiyo kwa upole, na mimi ndiyo ninayolala nayo. Shamba la mpunga sikurudi tena. Tope linahitaji miguu miwili, na kipande changu anakilima mke wa shemeji yangu mmoja.

Sasa sikilizeni.

Mwaka jana kitinda mimba wa mama mkwe alirudi kutoka Madogo, ambako alikuwa akipakia na kupakua malori. Alishuka barabarani amepinda upande mmoja, ameshika kiuno, machozi yanamtoka kijana mzima. Mama yake hakumtafuta mkandaji. Alimpeleka Hola mwenyewe. Waliporudi, shemeji akaniambia alionyeshwa andazi.

Nilikuwa jikoni niliposikia mkeka ukikung'utwa. Nikatoka. Mama mkwe alikuwa akiutandika barazani, pale pale kilipokuwa kitanda cha marehemu, penye kivuli. Kijana akalala kifudifudi. Mama akavuta kigoda akakaa kando, na watoto waliposogea kuchungulia aliwafukuza.

"Mwacheni," akasema. "Ni dawa ya hospitali hii."

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Damu ilinipanda hadi nikaona giza.

"Mama," nikasema, "na msiba je?"

Aliniangalia bila kupepesa macho. "Msiba gani tena?" akasema. "Baba yenu si alishakufa." Kisha akalainisha sauti, akaniita kwa neno ambalo hakuwahi kuniita tangu niolewe. "Mwanangu, wewe haya unayajua. Msimamie mwenzako asije akakosea."

Ningeweza kumfundisha vibaya. Sitawaficha, nililifikiria hilo vizuri, nikaona hata jinsi ya kufanya: ningemwambia ainame aguse vidole vyake kila asubuhi, na mgongo wake ungemalizia kazi. Lakini kijana alikuwa ameweka shavu kwenye mkeka, ananitazama kutoka chini kwa jicho moja, na huyo hakuwahi kunikosea. Nikaweka mwiko. Nikamwambia viwiko viwe chini ya mabega, nyonga zisiinuke, apumue akishuka. Nilimtembeza mpaka kwenye miembe na kumrudisha, yeye hatua zake fupi, mimi na kofi langu. Maji ya kuoga alichotewa. Nazi zilikunwa na wengine. Mama mkwe alikaa mlangoni siku hizo zote, na hapakuwa na jirani aliyethubutu kuuliza kijana anamlilia nani.

Siku moja aliniita kwa sauti ya woga. "Shemeji, sasa kiuno ndicho kinachoniuma sana. Mguuni hamna kitu. Nimeharibika?"

"Hapana," nikamwambia. "Furahi. Yamepanda."

Machozi yalinitoka, naye akadhani ni ya kumfurahia. Nilimwacha adhani hivyo.

Alipona. Amerudi Madogo, wamempa kazi ya kuandika mizigo badala ya kuibeba, na anatembea wima. Namwombea heri, na nikishamwombea huwa naenda nyuma ya nyumba nisimame peke yangu kidogo.

Jibu niliahidi. Wageni hufika, hunywa chai barazani, husifu jinsi kijana alivyonyooka. Kisha mmoja wao hunisikia sakafuni na kuuliza, na huyu je, yeye alipatwa na nini? Mama mkwe hutikisa kichwa kwa huruma.

"Ni ugonjwa huo huo," husema, "na mazoezi ni hayo hayo, alipewa yeye wa kwanza. Huyu aliyaachia njiani."