Mpishi wa Kecap ya Duka Jekundu

Jua halijapanda juu ya mapaa ya Tulungagung, na tayari Tumirah ameshatoka nje mara kadhaa kutazama barabara. Lori halijaja. Anarudi kwenye karai lake, anashika mwiko mrefu kama kasia, anazungusha kidogo, kisha shingo inageuka tena kuelekea langoni.

"Likija, tumepona. Lisipokuja, nakwenda kuuza mboga sokoni," anasema, halafu anacheka peke yake. Kila mtu kiwandani anajua kwamba Tumirah hawezi kukaa kitako nyuma ya fungu la mchicha hata asubuhi moja.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na minane ni mpishi wa kecap, ule mchuzi mweusi mzito wa soya na sukari ya mnazi ambao bila huo mezani hatujala. Ameifanya kazi hiyo tangu alipoolewa. Mkono wake wa kulia umezoea kuzungusha hata ukiwa mtupu. Ukikaa naye kunywa chai utauona ukizunguka juu ya goti, na ukimwambia, anaukalia.

Kecap yake hutoka kiwandani kwa milango miwili. Mlango wa mbele hutoa chupa za kioo zenye lebo ya Lesung Tiga, fahari ya mji huu tangu enzi za babu yake mwenye kiwanda. Mlango wa nyuma hutoa mifuko ya plastiki yenye jina la supamaketi kubwa. Mkataba hauruhusu kuitaja, basi hapa tutaiita Duka Jekundu, na msomaji wa Tulungagung asijitie haijui.

Chupa ni rupia elfu ishirini na tano. Mfuko wa ujazo uleule ni elfu kumi na nne. Sasa je, tofauti ni nini?

"Soya ya chupa inalala kwenye maji ya chumvi miezi mitano, ya mfuko mitatu," anaeleza Tumirah. "Ulimi mkali utaligundua hilo. Lakini sukari ni ileile, moto ni uleule, na anayezungusha ni mimi huyuhuyu. Ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja kavaa batiki, mwingine kavaa fulana."

Mwenye fulana ndiye anayelisha nyumba. Sehemu kubwa ya kinachopikwa hapa hutoka kwa mlango wa nyuma, na ndiyo inayomlipa Tumirah rupia elfu tisini kwa siku. Heshima, hata hivyo, huenda yote mlango wa mbele.

Maana sisi watu wa hapa tuna mambo yetu. Nyumba nyingi zina chupa ya Lesung Tiga iliyonunuliwa zamani, lebo imefifia, na ndani yake mna kecap ya mfuko. Mgeni huwekewa chupa, mfuko hufichwa. Kila mmoja anafanya hivyo, anajua jirani naye anafanya, na wote tunanyamaza.

Aliyeuponda mfuko kuliko wote mtaani ni Bu Painem, dada wa mume wa Tumirah. "Kecap ya mfuko?" alikuwa akisema, midomo ikipinda. "Hayo ni makombo ya kusuuzia karai. Mimi kwangu hayaingii."

Tumirah alikuwa akimeza mate tu. Wapishi wote waliapishwa wasiseme mifuko inatoka wapi, na hata leo anazungumza kwa ruhusa ya mwenye kiwanda. "Nilikuwa naungua ndani kwa ndani," anasema. "Makombo! Wifi yangu mwenyewe anayatukana mapishi yangu, na mimi naitikia kwa kichwa: ndiyo Yu, kweli dada yangu."

Shida kubwa ilianza mwezi uliopita. Duka Jekundu lilitaka mfuko ushuke bei, na njia waliyoipendekeza ni kuondoa nusu ya sukari ya mnazi na kutia shira ya muhogo. Kama haiwezekani, walisema kwa upole, kuna kiwanda kikubwa upande wa Surabaya ambacho kiko tayari.

Mwenye kiwanda, Pak Gunadi, ambaye wafanyakazi humwita Koh, yaani kaka, hakulala vizuri wiki hiyo. Aliagiza lipikwe karai moja la majaribio. Kisha akamkabidhi Tumirah dumu la kecap hiyo.

"Mbak Tum, mimi ulimi wangu umeshaharibiwa na sigara," alimwambia, akimwita Mbak, yaani dada, kama wote kiwandani. "Wagawie watu wako mtaani. Wasipoona tofauti, nakubali. Wakiona, nakataa, halafu liwalo na liwe."

Tumirah aliionja palepale. "Tamu ilikuwepo," anakumbuka. "Lakini ilikuwa tamu ya kupita, haikai. Nikajiambia, labda ni mimi ninayeipenda sana kazi yangu. Mama hamwoni mtoto wake mbaya."

Wiki hiyo Bu Painem alikuwa anamwoza binti yake. Kwetu harusi haipikwi na mtu wa kukodi. Wanawake wa mtaa hujaa jikoni kwa mwenye shughuli, kila mmoja na kisu chake na umbea wake. Tumirah akaona hapo ndipo pa kuigawa kecap yake ya majaribio. Aliitia kwenye chupa tupu za Lesung Tiga, kwa kuwa ndizo kila mtu anazo, akaziweka chini ya rafu jikoni kwa wifi yake ili awape wanawake wakati wa kurudi nyumbani. Kisha akaenda kukuna nazi.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la watu wa hapa tu. Mahali pengine mtu angeuliza kwanza chupa ina nini; kwetu kuuliza ni kumwumbua mwenye chupa.

Bu Painem aliziona, akadhani wifi yake kaleta zawadi kutoka kazini. "Leo tofu ya mwanangu inapikwa kwa kecap ya chupa!" alitangaza, akazimimina zote kwenye sufuria kubwa la tofu ya harusi, ile jibini ya soya inayochemshwa mpaka ikoze iwe ya hudhurungi na kung'aa.

Haikukoza. Kuni ziliongezwa, mchuzi ukapungua, lakini tofu ilibaki na rangi ya chai iliyozidishiwa maziwa, na chini ya sufuria ikaanza kunata. Nje, watu wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakaribia.

"Lesung Tiga wametuharibia!" Bu Painem alipiga kelele. "Tum! Kiwanda chenu kinauza nini siku hizi?"

"Niliganda," anasema Tumirah. "Nikinyamaza, jina la chupa linakufa mbele ya mtaa mzima. Nikisema, nimevunja kiapo na nimemharibia wifi harusi. Nikasema."

Alisema yote: dumu, shira, mlango wa nyuma, na kwamba makombo yanayotukanwa kila siku anayapika yeye. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu alisema, "Haa! Kumbe ni wewe?" na kisu kikabaki hewani.

Hakuna aliyekuwa na muda wa kugombana. Ilihitajika kecap nzuri, na upesi. Tumirah alitaka kukimbilia kiwandani, lakini Bu Painem akamshika mkono. Uso ulikuwa umemshuka. Aliingia chumbani kwa binti yake, akapiga magoti, na kutoka chini ya kitanda cha bibi harusi akavuta katoni. Ndani mlikuwa na mifuko ya Duka Jekundu, imepangwa vizuri kama nguo za sikukuu.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Kateni, mimineni. Tutachekana kesho."

Hawakungoja kesho. Walicheka mpaka mmoja akakalia kapu la mayai. Walibadilisha mchuzi, wakamimina mifuko, na tofu ikaanza kukoza polepole, kwanza pembeni, kisha yote. Wageni walipokula, mama wa bwana harusi aliramba kidole na kusema, "Hii ndiyo kecap ya chupa, hata usiponiambia."

Bu Painem alimjibu kwa sauti tulivu, "Mama, ulimi wako haudanganyiki."

Siku iliyofuata Tumirah alimpelekea Koh Gunadi vipande vya tofu ile iliyokataa rangi. Koh alivitazama, akakila kimoja, akabaki anatafuna muda mrefu kuliko tofu inavyostahili. Kisha akawapigia simu Duka Jekundu: sukari ya mnazi haipungui. Upande wa pili walisema watafikiri. Jibu, walisema, litakuja na lori.

Ndiyo maana asubuhi hii shingo ya Tumirah haitulii. Anatia kuni, anazitoa. Anamkemea paka. Anamuuliza mlinzi kama saa yake inatembea.

Lori linaingia jua likiwa limeshakuwa kali. Dereva anateremka, anakwepa macho ya Tumirah. "Nusu ya mifuko tu, Mbak," anasema. "Nusu nyingine wamewapa wa Surabaya. Ila mfuko ni uleule, jina lilelile, picha ileile. Vitawekwa rafu moja."

Tumirah anasimama. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mkono wake haufanyi kitu. Kati ya makarai mawili ya kiwanda, la pili halitawashwa kesho, na wapishi wawili wataambiwa wapumzike. Anayajua hayo kabla hajaambiwa, na machozi yanamlenga, anayafuta kwa kiwiko chenye moshi.

Mchana Bu Painem anafika langoni, habari zimeshamfikia. Hakuja na chupa aliyoijaza kwa siri. Kaja na mfuko wa Duka Jekundu mkononi, hadharani, watu wanamwona.

"Siku hizi nauweka mezani hivihivi," anamwambia wifi yake. "Mgeni akinuna, asile. Lakini Tum, wakiweka yako na ya Surabaya pamoja, mifuko imefanana, mimi nitajuaje ipi ni yako?"

Tumirah anaugeuza mfuko, mbele na nyuma. Hakuna jina lake, hakuna jina la mji. Anaurudisha, anachukua mwiko wake, na kecap ya karai lililobaki inaanza kuzunguka. Anasema anataka karai la pili liwake tena kabla ya msimu wa mvua, na kwamba watakaoliwasha si Koh wala Duka Jekundu, bali wanawake wenye masufuria.

"Pika tofu, Yu," anasema. "Ikikataa kukoza, rudisha dukani. Waambie unataka ya Tumirah."