Kwa Baiskeli Hadi Irembo la Mama Spesioza

Nilikuwa nimeishi Kigoma, Uvira na Bujumbura, kila mji nikiusifu baada ya kuuacha, siku Esperansi aliponiambia kwamba maneno yangu matamu ameyasikia ya kutosha. Sasa niyapeleke kwa shangazi yake. Esperansi anauza samaki wa mukeke katika soko la Rumonge. Aliwahi kuolewa, na ndoa ile ilimrudisha nyumbani na sanduku moja. Shangazi yake, mama Spesioza, ndiye aliyemlea katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo mlango wa kupigwa hodi ni wake. Na kwetu Burundi hupigi hodi kwenye mlango huo mikono mitupu. Unapeleka kwanza pombe ya ndizi, kushika irembo, yaani lango la boma, lisije likashikwa na mwingine. Pombe ikikataliwa, nawe umekataliwa.

Mama Spesioza anakaa milimani, ng'ambo ya hifadhi ya miombo. Iko barabara nzuri inayoizunguka. Lakini mimi nilikuwa na baiskeli mpya ya mlimani, gia ishirini na moja, na mwenye baiskeli ya namna hiyo hazunguki.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipita sokoni kuaga. Esperansi alikuwa akipanga samaki.

"Utapita mu pori na miaka yako hiyo?"

"Arobaini na tatu si miaka mingi."

"Mimi nasema magoti," akajibu, akamgeukia mteja.

Saa mbili nilikuwa Kizuka, kwenye michikichi, ambako Nestori alinisubiri na pombe. Nestori ni rafiki yangu tangu kambini, tulikojifunzia baiskeli moja wote wawili, mmoja akikanyaga pedali, mwingine akiwa breki. Siku hizi anabeba mawese kwa baiskeli isiyo na gia hata moja. Nilimchagua awe msemaji wangu, maana kwenye irembo mchumba hunyamaza. Msemaji ndiye anayemsifu, na akidanganya kwa ustadi hupigiwa makofi.

Alikuwa amejaza bidoni, dumu la lita kumi, na kuziba mdomo wake kwa jani la mgomba lililokunjwa. Akataka kuifunga kwenye kerya yake, kwa kuwa baiskeli yangu haina.

"Pombe ya mchumba hubebwa na mchumba," nikasema. Niling'oa lile jani la kishamba, nikakaza kifuniko, nikakizungushia mpira mara nne, nikaitia bidoni katika begi la mgongoni.

"Yakobo, hewa itatokea wapi?"

"Hewa haikualikwa kwa shangazi."

Nestori alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayeoga na viatu.

Saa nne tuliingia hifadhini. Msomaji anayelijua ziwa letu tu, na michikichi yake iliyonona, hawezi kuamini kwamba mwendo wa saa nne tu kutoka majini kuna nchi kavu namna ile. Kiangazi kilikuwa kimekomaa. Nyasi zilikwisha kuungua, miombo imebaki mifupa, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno, na njia imejaa mawe yanayoteleza chini ya gurudumu. Nilijaribu gia zote ishirini na moja. Kisha nikashuka, nikasukuma.

"Vitesi ishirini na moja," Nestori alisema nyuma yangu, naye akisukuma ya kwake bila kuhema, "na iliyo nzuri kuliko zote ni ya miguu."

Karibu na saa sita tulifika mgongoni mwa mlima. Ziwa lilionekana mbali chini, na milima ya Kongo nyuma yake kama moshi. Mbele yetu njia iliteremka. Hapa ndipo nilipolipiza. Niliachia breki, nikaruka mawe, nikapiga kelele kama kijana, na kila jiwe lililonirusha liliirusha na pombe.

Kwanza nilisikia mtu akifyonza kisogoni mwangu. Kisha mlipuko. Kifuniko kilipaa juu ya miti, pombe ikanipiga shingoni, baiskeli ikaenda kushoto, mimi kulia, kichakani.

Nestori alifika polepole, akasimama.

"Hewa imejialika," akasema.

Nyani watatu walishuka wakaanza kulamba mawe. Mkubwa wao alilamba, akanitazama, akalamba tena, kama anayesema si mbaya sana. Ndani ya bidoni ilibaki nusu.

Chini ya mteremko kulikuwa na kijito kilichokuwa hakijakauka. Nilichuchumaa, nikausogeza mdomo wa bidoni kwenye maji, ijae tena. Nestori aligeuka akatazama miti.

"Mimi ni mwenye kusema," akasema. "Kazi yangu si kuona."

Lakini sikuongeza hata tone. Si utakatifu ulionizuia. Niliuona uso wangu majini, mapovu ya pombe kwenye nyusi, majani masikioni. Uso ule ulikuwa umekwisha kusema kila kitu. Nikaiziba bidoni kwa jani.

Saa nane tulisimama kwenye irembo. Mama Spesioza alikuwa ameketi na majirani wake, fimbo mapajani.

"Amahoro, mama," Nestori akaanza. "Tumetoka mbali. Njiani tulikutana na chui saba."

"Chui saba, na hamuna hata mukwaruzo?"

"Walikuwa wamekwisha kuokoka, mama."

Majirani walicheka. Yeye hakucheka. Alininyooshea fimbo mimi. "Huyu anayenuka. Sema wewe."

Desturi ilinikataza, fimbo ikaniamuru. Nikasema yote: kifuniko, mpira, mlipuko, nyani, hata kijito. Akamwambia Nestori aonje, kisha akaonja mwenyewe, akaizungusha pombe mdomoni.

"Hakuna maji," akasema. "Yule mume wa kwanza aliongeza maji. Nilionja, nikajua, nikanyamaza kwa sababu ya haya. Esperansi akalia miaka sita." Akafuta mdomo. "Nusu ya pombe, nusu ya irembo. Rudi Jumapili, bidoni ikiwa imejaa."

Tulirudi Rumonge kwa barabara inayozunguka, nikiongozwa na baiskeli isiyo na gia. Niliyojifunza si mengi: chochote kinachochemka kiachie mahali pa kupumulia, na mtu aliyebeba mizigo miaka ishirini msikilize kabla ya kumcheka.

Jumapili nilikwenda kwa miguu, bidoni kichwani, jani mdomoni mwake. Nestori alisema uongo mpya, mzuri zaidi. Mama Spesioza alikunywa, akakipitisha kikombe kwa majirani, kwa Nestori, hata kwa mpita njia aliyesimama kusalimia. Kilipofika karibu yangu nilinyoosha mkono. Akaupiga kofi.

"Wageni wanakunywa mbele," akasema. "Wewe wa nyumbani, ngoja."

Nikangoja.