Mtoto Aliyepewa Habari za Ng'ombe

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa hasumbui. Wageni wote walilisema hilo kabla hata hawajaketi, na mimi niliitikia kwa kichwa huku nimeshasimama, maana mwaka ule sikuweza kukaa kitako. Niliketi kumnyonyesha tu, tena ukingoni mwa kiti, na akiacha ziwa nilikuwa mlangoni.

Tulihamia Kitengela miaka ya tisini ikielekea mwishoni, wakati upande wetu ule ulikuwa na nyumba za kuhesabika. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, haijapigwa plasta, ploti haina ua, na mbele yetu ni mbuga mpaka macho yachoke. Nyumbu na punda milia walikatiza nyuma ya choo wakienda zao. Upepo ulianza asubuhi, ukang'oa nguo kwenye kamba na kuzitupa kwenye ploti za watu ambao hawajawahi kuja kuziona. Mume wangu alifanya kazi ya zamu kiwandani Athi River, kwa hiyo akiwa nyumbani alikuwa amelala, na akiwa macho hakuwa nyumbani. Mama yangu alikuja kutoka kwetu Machakos, akanikanda kwa maji moto, akanipikia uji wa wimbi, kisha akarudi kwa mbuzi wake. Tukabaki wawili, mimi na yule asiyesumbua.

Watu hufikiri mwanamke akizaa na moyo ukamharibikia, basi analia. Mimi sikulia. Nilihangaika. Nilikuwa kama mtu aliyefika stendi akakumbuka ameacha jiko linawaka, isipokuwa nilikuwa nyumbani na jiko nililiona limezimwa. Nilifua nguo safi. Nilihamisha kitanda asubuhi, jioni nikakirudisha. Nikimaliza hayo namfunga mtoto mgongoni kwa leso na kuanza kutembea, nazunguka ploti yetu na za wengine, nafika kwenye machimbo ya mawe, narudi, naenda tena. Mtu angeniuliza naenda wapi ningemtolea maneno. Hakuna aliyeuliza, maana hakukuwa na watu.

Na katika kutembea kote huko sikumsemesha. Sikuwa nimeamua hivyo. Nilimwogesha, nikambadilisha, nikamnyonyesha, yote kimya, vile mtu anavyoosha vyombo. Nilimtazama nikajua ni wangu, nikajua ningepigana na fisi kwa ajili yake, lakini kila nilipofungua mdomo nimwambie kitu nilikuta hakuna kitu. Nikaufunga na kuinuka.

Mama aliporudi kututembelea, mtoto alikuwa tayari anaketi mwenyewe. Alimpakata, akampigia ulimi, akamfanyia vituko vyote vya mabibi. Mtoto alimtazama kwa makini sana. Hakutoa hata "ba".

"Huyu hajaanza kubwabwaja?" mama akauliza.

"Ni mpole."

"Upole gani huo? Wewe ukiwa hivi ulikuwa unatupigia kelele mpaka kuku wanahama."

"Basi hakunirithi."

Mama alikwenda nyuma yake akagonga sufuria kwa mwiko. Mtoto aligeuka, lakini mama hakuridhika, akasema labda ameona kivuli. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kwao kulikuwa na mtoto wa aina hii, mzuri, hasumbui, na mpaka leo ni mtu mzima na hajasema neno. Alipoondoka aliniachia neno "bubu". Nikatembea nalo wiki nzima, na safari hii angalau nilijua ninakimbia nini.

Nikampeleka hospitali, Kajiado mjini. Daktari alitikisa funguo upande huu na upande ule, akapiga makofi nyuma ya kichwa, na kila mara mtoto aligeuka akamtazama kama anayeuliza kuna nini.

"Masikio yake yako sawa kabisa, mama," alisema akiandika. Halafu, bila kuinua uso, "Nyumbani anaongeleshwa na nani?"

Lilikuwa swali la kazi tu, nalijua leo. Siku ile lilinipata kama kofi. Nilimjibu kwamba nyumba yangu si nyumba ya mabubu, nikamnyakua mtoto na kutoka, na muuguzi ikabidi anifuate mpaka nje na kadi ya kliniki niliyoiacha mezani. Nilimketisha mtoto kwenye benchi kando ya mama mmoja aliyekuwa akingoja foleni, nikasogea langoni kutazama magari ya kurudi Kitengela. Ng'ambo ya barabara lilisimama basi la kwenda Namanga, mpakani, mlango wazi, utingo akiita watu. Nilisimama pale kwa muda. Nitalirudia basi hilo.

Kuanzia kesho yake nilijilazimisha kusema. "Hii ni sufuria," nilimwambia. "Hiki ni kikombe." Alinitazama mdomo, akatazama mlango. Nilimsomea Zaburi, nikamhesabia mpaka mia, nikajisikia mwalimu aliyeingia darasa lisilo lake. Sauti yangu ilikuwa ngumu na mtoto aliijua si ya kweli.

"Msemeshe tu," mume wangu alisema akifunga viatu vya kazi.

"Nimsemeshe nini?"

"Chochote, mama. Ongea."

"Wewe niambie basi hicho chochote!"

Alisimama na kiatu kimoja mkononi, maskini, akifikiri kweli kweli. Kisha akakivaa. Akaenda zake kazini.

Maziwa tuliletewa na mama mmoja wa Kimaasai wa rika la mama yangu, mwenye boma lake ng'ambo ya machimbo. Tulimwita Yeyo, yaani mama. Kwa kweli sikumpenda. Muuza maziwa mwingine angepima, akaaga, akaenda. Yeyo alikuwa haondoki mpaka atoe habari. Kwao salamu si neno moja la kurushiana mlangoni. Baada ya "Supa" na jibu lake "Ipa", mmoja husimama akaeleza yote, mvua, mifugo, nani mgonjwa, nani amesafiri, na kila akipumua yule anayesikiliza anaitikia "Ee." Akimaliza wanabadilishana, aliyekuwa akiitikia naye anatoa zake. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo kwenye jua kali bila haraka yoyote. Mimi haraka ilikuwa imenijaa, na mwitikio sikuwa nao.

"Mvua imekataa," Yeyo aliniambia asubuhi moja. Mwaka ule ukame ulikuwa umewakalia vibaya.

Nilinyamaza.

"Nyasi imekwisha mpaka Isinya."

Nilinyamaza.

"Wewe mama, kwani mimi natupa habari kwa shimo?"

"Niko na kazi, Yeyo." Nikajifunga mtoto mgongoni, nikaondoka kwenda kwenye hiyo kazi yangu ya kuzunguka mbuga.

Njia ya bomani kwake ilikuwa hiyo hiyo. Akanifuata nyuma na mtungi wake mtupu, na kwa kuwa mimi nilimpa kisogo, aliyekuwa akitazamana naye ni mtoto. Nilisikia akimwekea kiganja kichwani, ndivyo wanavyowasalimia watoto.

"Haya, wewe ndio utasikia," akamwambia. "Ile nyeusi, ile iko na ndama, imelala chini. Imekataa kuamka."

Kimya kidogo. Kisha Yeyo mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya kitoto, "Ee."

"Tumeinua na mikono, sisi wote. Imeanguka tena."

Kimya. "Ee."

Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nilidhani ni mara moja tu, lakini kesho yake akaja vile vile, na kesho kutwa, akawa hanihesabu kabisa. Alinimiminia maziwa bila neno kisha akangoja nianze kutembea ili apate kuzungumza na mgongo wangu. Ng'ombe wake walikuwa wanaisha, na yule aliyelazimika kubeba msiba huo wote alikuwa mtoto asiye na hata jino la pili. Nilikuwa naona aibu, tena hasira, na sijui kwa nini sikubadilisha njia.

Siku moja upepo ulikuwa mkali, vumbi tupu. Yeyo alikuwa akisema mzee wake ameamua wahamishe ng'ombe waliobaki, waende ng'ambo ya Mashuuru ambako imesemekana kumenyesha. Alipofika kwenye pumzi, kikohozi kikamshika, asiweze kuitikia kwa niaba ya mtu.

"Ee," ikatoka katikati ya mabega yangu.

Nilisimama. Miguu yangu ambayo haikuwa imetulia tangu nijifungue ilisimama yenyewe. Nilihisi furaha kwanza, furaha ya kunitoa machozi, na kabla sijaionja vizuri ikageuka wivu. Mimi nimesoma Zaburi, nimehesabu mpaka mia, na neno la kwanza anampa mwenye ng'ombe.

"Nani alikuambia umfundishe mtoto wangu?" nilimgeukia Yeyo.

Alinishangaa. "Nimefundisha nini? Mimi nimepatia yeye habari. Si wewe ulikataa?"

Yeye akaendelea alipoachia, kuhusu Mashuuru, na mtoto akaitikia tena.

Wakahama. Asubuhi iliyofuata mtoto aliketi mlangoni ameelekea njia ya machimbo, akingoja. Bati la jikoni lilipopigwa na upepo likatulia, alisema, "Ee." Likapigwa tena, likatulia, "Ee." Alilifanyia hivyo bati, akalifanyia lori lililopita barabara kuu, akamfanyia jogoo. Niliona anavyogeuza kichwa baada ya kuitikia, kuangalia kama habari inaendelea. Haikuendelea. Siku zikapita, "ee" zikapungua. Kisha ikaja siku ambayo alikaa pale mlangoni kutwa, bati likipigwa, bila kutoa sauti. Hofu niliyoipata siku ile sikuipata hata Kajiado, kwa sababu sasa nilikuwa nimemsikia, na nilikuwa namsikia akirudi alikotoka.

Nilichukua leso nimfunge mgongoni, tukatembee. Nikaishika, nikaiweka chini. Mgongoni asingeniona uso. Nikaketi kizingitini, kitako kabisa, nikamweka mbele yangu, juu ya mapaja yangu, tukatazamana. Miguu ilinisumbua mno, magoti yakicheza mpaka naye akawa anatikisika.

Ng'ombe sikuwa nao. Habari za mvua alikuwa ameshapewa. Nilitafuta habari yangu mimi, nikaona ninayo moja tu, ile niliyoikalia tangu azaliwe, na haikuwa ya kumwambia mtoto.

"Habari yangu ni hii," nikasema. "Tangu uzaliwe sijui nina nini."

Alinitazama mdomo.

"Siwezi kutulia. Nikikushika nataka kukuweka chini, nikikuweka chini nataka kukushika."

Bati lilipigwa. Hakulitazama.

"Siku ile Kajiado nilikuacha kwenye benchi. Kulikuwa na basi la Namanga, mlango wazi. Nilitaka kupanda. Nilitaka kupanda peke yangu, niende niishie huko."

Nikanyamaza hapo kwa sababu sauti ilikuwa imekatika, si kwa sababu nilikumbuka utaratibu wa Yeyo.

"Ee," mtoto akasema.

Alilisema kwa utulivu, kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe amelala chini. Nililia basi, mimi nisiyelia, huku nikiendelea kueleza. Nilimwambia kuhusu upepo, na baba yake na kiatu mkononi, na jinsi nilivyomwonea wivu mwanamke aliyefiwa na mifugo yake. Kila nilipopumua aliitikia. Sikupona siku hiyo, wala mwezi huo. Kesho yake nilifua nguo safi tena. Lakini nilizungumza mpaka nikamaliza, na nilipomaliza nilikuwa bado nimeketi.

Yeye alingoja kidogo, ahakikishe kwamba sina jingine. Alipoona sina, alivuta pumzi, akanishika kidevu, na akaanza. Ba, da, na mlolongo mrefu wa sauti ambazo sikuwahi kuzisikia zikitoka kwake, zikipanda na kushuka, na mikono yake ikieleza. Nikatambua kwamba zamu imefika kwake, na kwamba naye amekaa na habari zake muda wote huu.

Alifika kwenye pumzi, akanitazama, akangoja.

"Ee," nikasema.