Pawa ya Kisiki cha Mama Mkwe

Mtu mwenye kinu cha posho hujiona mhandisi. Mimi nina kinu hapa Kitale, nimekisikiliza kikikohoa kwa miaka mingi, na hakuna mtu anayeweza kuniambia chochote kuhusu injini. Kwa hiyo mke wangu aliponieleza kwamba mama yake, huko Sirisia, anataka kisiki kilicho nyuma ya jiko lake kiondolewe, sikuuliza nani ataifanya kazi hiyo. Nilifurahi hata. Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta sababu ya kununua pawa, huu msumeno wa injini wa kukatia miti, na mke wangu alikuwa anatafuta sababu ya kunizuia. Sasa mama yake mwenyewe alikuwa amemponza.

Kisiki chenyewe kilikuwa cha mkaratusi. Baba mkwe aliuangusha mti akauza mbao, kisiki akakiacha akisema kitaoza chenyewe. Hakikuoza. Yeye ndiye aliyetangulia, Mungu amrehemu, na kisiki kikabaki pale kwenye kijia chembamba kati ya jiko na choo, kinachipua kila mvua ikinyesha.

Mama mkwe alijikwaa hapo mara ya kwanza tukampa pole na kucheka, maana hata yeye alicheka. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, lakini sidhani walikuwa wanakwenda choo alfajiri wakiwa na magoti ya mama mkwe wangu. Mara ya pili alivunjika mkono, akafungwa plasta Bungoma. Ndipo mwanawe wa Nairobi, shemeji yangu, akatoa amri kwa simu: akianguka tena, anakuja kumchukua akakae naye huko, ghorofa ya nne.

Mama mkwe, ghorofa ya nne! Huyu ni mwanamke ambaye akimaliza siku mbili bila kushika jembe anatafuta dawa. Alimwambia mke wangu kwamba huko juu atakufa akiwa amekaa dirishani anahesabu magari, na sauti yake haikuwa na mzaha. Sisi nasi hatungeweza kumchukua, kwa sababu hakuna mama mkwe anayelala katika nyumba ya mkwe wake. Ama kisiki kihame, ama yeye ahame.

Hapo inabidi niseme kidogo kuhusu mila. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukimbiana. Hampeani mkono, hamli meza moja, na mkikutana njiani mmoja wenu anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ndani ya mahindi. Siku hizi wengi wamelegeza. Wangu hajalegeza hata uzi. Uso wake naujua kwa picha ya harusi. Yeye mwenyewe namjua mgongo. Na nyuma ya jiko lake, anakoanika nguo na kuoshea vyombo, ni mahali ambapo mguu wa mkwe haukanyagi. Ndiyo maana, katika miaka yote ya kuoa kwangu, sikuwa nimekiona hicho kisiki.

"Mwambie akipime kwa kamba," nikamwambia mke wangu, "halafu anitumie hiyo kamba."

Kamba ilikuja na gari la asubuhi, kamba ya katani, imewekwa kwenye mfuko pamoja na njugu. Niliifungua sebuleni. Ikafika mlangoni. Nikaendelea kuikunjua uani hadi kwenye ua wa jirani, na bado nilikuwa na nyingine mkononi.

"Mimi nimekulia kwa hiyo boma," mke wangu akasema. "Hiyo kisiki si kubwa hivyo."

"Ulikulia, lakini uliwahi kupima?"

"Kisiki haikui, bana."

"Ya mkaratusi inakua," nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye kinu, nikachukua kamba yangu nikaenda mjini.

Duka nililoliendea ni la mzee mmoja Kalasinga, wa kilemba, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Anauza pampu, mashine za kupura mahindi, na pawa za kila aina zimepangwa ukutani kutoka ndogo hadi kubwa. Aliniuliza nataka kukata nini. Badala ya kumjibu nilimshikisha ncha ya kamba juu ya kaunta, nikaanza kutembea kinyumenyume. Nilipita mlango, nikatoka barazani. Mama muuza maparachichi aliinua miguu ili kamba ipite.

"Hii ni upana?" mzee akaita kutoka ndani.

"Ni upana!"

Mzee akachungulia mlangoni. "Bwana, wewe umeona hii mti na macho yako?"

"Ni ya mama mkwe. Iko nyuma ya jiko yake."

"Aaa," akasema, na hakuuliza tena. Mzee huyo amezaliwa hapa na anatujua. Angekuwa mgeni angeuliza swali lililofuata, na mimi ningeokolewa.

Alinishusha pawa ya katikati. Akanieleza kwa subira kwamba ukubwa wa upanga, yaani ule ubapa mrefu ambao cheni inauzunguka, si kitu. Kitu ni nguvu ya injini. "Chukua hii. Injini iko na nguvu, upanga ni fupi. Unakata upande hii, unazunguka, unakata upande ile. Kwa kisiki iko mchanga na mawe, upanga refu itakusumbua."

Nilimsikiliza kwa adabu, macho yangu yakiwa juu ukutani. Huko juu kabisa, chini ya dari, ilikuwako moja yenye vumbi, na upanga wake ulikuwa na urefu wa mwanafunzi wa darasa la pili. Mpasua mbao mmoja wa Mlima Elgon aliiagiza kisha akabadili nia.

"Na hiyo?"

"Hiyo ni ya msitu, bwana."

"Ilete."

Ngazi ikaletwa. Tukaitoa nje, tukaitia petroli iliyochanganywa na oili, nikavuta kamba ya kuwasha. Ilikataa. Nikavuta tena, ikakataa tena, bega likalia. Kisha ikaitika. Sijui niseme nini. Kinu changu ni injini, lakini ni injini ya nyumbani. Hii ilinguruma mpaka maparachichi yakabingirika na mama anayeyauza akaziba masikio akinitukana kwa mdomo nisioweza kuusikia. Niliipenda papo hapo. Ningekuwa na kisiki au sina, ningeinunua.

Mke wangu akapiga simu. "Umechukua size gani?"

"Inayotosha," nikasema.

Siku ya kazi, tulipofika Sirisia, mama mkwe alikuwa tayari amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, mgongo umenielekea, kitenge kimefunika kichwa. Mila inasema angetoka aende kwa jirani ili nipate nafasi. Yeye alikataa kuniachia jiko lake peke yangu na injini. Basi akatafuta njia ya katikati: atakaa, hatanitazama, na neno lolote alilo nalo atawaambia kuku.

"Nyinyi kuku," akasema, "ambieni huyo mutu karibu sana. Chai iko kwa chupa."

Nilisimama na pawa begani, sijui nifanye nini. Mke wangu akanisukuma kwa kiwiko.

"Kuku," nikasema, "ambieni mama asante sana. Nitakunywa nikimaliza."

Jogoo akanitazama kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Ndipo nikapita kona ya jiko, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakiona kisiki.

Kilikuwa na upana wa ungo. Ungo wa kawaida, ule wa kupepetea maharagwe. Niliangalia kama kuna kingine. Hakikuwapo. Niliitazama pawa yangu, nikakitazama kisiki, na ninakiri niliona haya hata mbele ya kuku.

"Kuku," nikaita, "hebu ulizeni mama, hii kamba alipima namna gani?"

"Nilizungusha," akajibu mgongo. "Si ukifunga kuni unazungusha mpaka ishike? Nilizungusha mpaka kamba ikaisha."

"Mpaka ikaisha?"

"Sasa ningeikata? Kamba mupya hivyo!"

Mke wangu alikaa chini palepale kwenye nyasi. Alicheka mpaka akalala ubavu, akawa anapigapiga ardhi kwa kiganja, na kila alipojaribu kunyamaza aliiona pawa akaanza upya. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimegundua jambo jingine. Kijia kile ni chembamba: huku ukuta wa jiko, kule ua wa miti. Kisiki kiko katikati. Pawa ya mzee, ile fupi ya katikati, ingeingia hapo vizuri kabisa. Yangu, nikiiweka popote, ncha yake ilikuwa inaugusa ukuta wa jiko kabla meno hayajaugusa mti.

Nilichimba kwanza. Nilitoa udongo pembeni mpaka mizizi ikaonekana, nikaimwagia maji na kuisugua, maana changarawe moja tu inaua meno ya cheni yote. Kazi hiyo niliifanya polepole kuliko ilivyohitaji, nikitafuta akili. Akili haikuja. Huko mlimani mawingu yalikuwa yanajikusanya.

"Kuku," nikasema mwishowe, na sauti yangu haikuwa tena ya mhandisi, "ambieni mama hii pawa ni refu sana. Itaingia kwa ukuta ya jiko. Nitairudisha Kitale nibadilishe, nikuje wiki ijayo."

Nikaona mgongo wa mama umeinama, na ule mkono uliovunjika ameushika kwa mwingine, anausugua. Aliposema tena, hakuwaita kuku.

"Jiko ni udongo tu. Kata na jiko. Jiko nitakandika tena. Mguu nikivunja, nani atanikandikia?"

Mke wangu aliinuka kwenye nyasi akajifuta magoti. Mpaka hapo mimi nilikuwa nadhani tunazungumza kuhusu pawa. Mama huyu alikuwa akiogopa kila asubuhi, hatua kwa hatua, kwenda choo na kurudi, na mimi nilikuwa Kitale nikipenda muungurumo. Nilivuta kamba ya kuwasha. Ikaitika mara ya kwanza.

Siwezi kudai nilikata kwa ustadi. Mkaratusi ulitoa unga mwekundu, harufu ya dawa ya kikohozi ikajaa boma lote, na ncha ya upanga ikaingia ukutani polepole. Udongo uliruka. Fito zilikatika. Kuku walikimbilia kwenye mahindi ya jirani pamoja na ujumbe wote waliokuwa nao. Nilipozunguka upande wa pili, jiko likapata tundu la pili. Kisiki kilipoachia, kikiwa kimekatwa chini ya usawa wa ardhi, kipande cha ukuta kati ya yale matundu mawili kilifikiria kidogo, kikaangukia ndani. Moshi wote wa miaka yote ukatoka nje kwa pamoja.

Nilizima injini. Kupitia tundu niliona sufuria ya maharagwe mekoni, na ugali wa jana umefunikwa sahani, na vyote vikiwa na vumbi.

"Mama," mke wangu akasema, "mume wangu amekutolea dirisha."

Tulifukia udongo juu ya kilichobaki, tukaukanyaga mpaka ukawa sawa na njia. Nilijitenga nikaenda kusimama upande wa mahindi ya jirani, nimegeuka, kama inavyotakiwa. Nikasikia kigoda kimesukumwa. Nikasikia kandambili zake zinaelekea choo, si kwa kusitasita, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwake. Mlango wa choo ukalia. Baada ya muda ukalia tena, na kandambili zikarudi.

Nilidhani atapumzika. Badala yake akachukua jembe ukutani, akapita nyuma yangu, akaanza kulima kando ya kijia hicho hicho, akidondosha mbegu kwenye udongo. Mke wangu alinieleza baadaye kwamba msimu huo mama alikuwa hajapanda kitu. Mvua ilikuwa imeanza kitambo, majirani wote wamepanda, na shamba lake lilikuwa limelala tu. Alikuwa akiwaambia watu ati mbegu zimekuwa ghali. Kumbe mtu hapandi mahali ambapo hajui kama atakuwapo kuvuna.

Shemeji akapiga simu. Mke wangu akaiweka kwenye spika, akaishika karibu na mama yake, maana mikono yake ilikuwa na udongo.

"Mama, sasa sikia," shemeji akasema. "Nimesafisha ile chumba. Mwisho wa mwezi nakuja na gari. Hakuna maneno tena."

Jembe halikusimama. "Usikuje na gari," akamwambia. "Nimepanda maharagwe. Nikikuja huko, nani atapalilia?"