Siku Senje Rodha Alipomwandika Kukhu

Mliokulia Mayoni wakati wetu hamhitaji kukumbushwa. Trekta za miwa zilipanda mlima zikikoroma, nasi tulizikimbilia kwa nyuma, kila mtu akivuta muwa wake, dereva akitutukana huku anacheka. Shamba likichomwa, majivu meusi yaliangukia nguo kwenye kamba, na mama zetu walitugombeza kana kwamba sisi ndio tuliowasha moto. Tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, mpaka sketi za shule zikapasuka. Jioni ni obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, na hakuna aliyethubutu kununa. Watoto wangu wakiona mrenda huuliza kama chipsi zimeisha.

Lakini boma letu lilikuwa na kitu ambacho jirani hawakuwa nacho. Tulikuwa na mwandishi.

Alikuwa Senje Rodha, dada ya baba. Alikuwa ameolewa Butere, mumewe akafariki wakiwa bado vijana, akarudi nyumbani na sanduku la bati limejaa madaftari. Alifundisha darasa la tatu, kwa hiyo tulidhani ni kazi za wanafunzi. Kumbe zilikuwa hadithi. Akitoka shule alivua viatu, akaketi barazani na kuandika mpaka kuku waanze kuingia ndani. Watu walisema ni upweke. Mwanamke mzima anaandika mambo ambayo hakuna aliyemtuma!

Sisi ndio tuliokuwa wasikilizaji wake wa kwanza. Alitupa njugu za kukaanga, akatusomea, kisha akauliza, "Mmechoka wapi?" Tulimwambia bila huruma. Ndugu yangu Wycliffe alichoka kila mahali palipotajwa maua. Senje alikata maua yote.

Nilipokuwa darasa la sita, alituma hadithi kwenye kipindi cha redio kilichosoma kazi za wasikilizaji Jumamosi mchana. Ikakubaliwa! Siku hiyo baba alinunua betri mpya, majirani wakaja na viti vyao, na Kukhu, nyanya yetu, akawekwa mbele kabisa kama bibi harusi.

Mtangazaji akaanza kusoma. Ilikuwa hadithi ya mama kijana aliyefiwa na mtoto wake wa kwanza, msichana, mumewe akiwa mbali kazini. Walimzika haraka kwa sababu ya mvua, na tangu siku ile hakuna aliyemtaja tena mtoto huyo. Mama akaenda mtoni, akalia peke yake.

Sikujua kwa nini watu wazima walikuwa wakitazama chini. Kukhu aliinuka kabla hadithi haijaisha, akaingia jikoni na kufunga mlango. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba hakuwa kifungua mimba.

Kwa wiki nzima Kukhu hakumsemesha Senje. Alimpakulia chakula, akakiweka mezani, akaondoka. Senje alipiga magoti mbele yake. "Mama, nimekukosea. Nilisikia kwa shangazi yangu, nikaandika bila kukuuliza." Kukhu aliendelea kuchambua mboga. Senje akarudisha madaftari sandukuni, akatia kufuli, na barazani pakawa kimya. Nilimsikia akimwambia baba kwamba ataandika barua za shule tu, basi.

Jumapili baada ya kanisa Kukhu alitoka na kigoda chake, akaketi barazani na kumwita Senje.

"Nilisikia yote kule jikoni. Umemaliza vibaya," alisema. "Huyo mama hakuenda mtoni. Mtoni kulikuwa na watu. Alikuwa analianga shambani, akipalilia, kwa sababu hapo mtu akikuona umeinama anajua ni kazi."

Senje akaketi sakafuni karibu naye.

"Na huyo mtoto alikuwa na jina. Alikuwa anaitwa Nekesa. Alizaliwa tukivuna." Kukhu alifuta uso kwa kona ya leso. "Fungua hilo sanduku. Andika tena, na uandike vizuri."

Waliketi pale mpaka jua likazama, mmoja akisema, mwingine akiandika. Nilileta chai ikapoa bila kuguswa. Baba alisimama mlangoni akisikia dada yake mkubwa, Nekesa, akitajwa kwa mara ya kwanza, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Miaka mingi baadaye hadithi ile ilitoka katika kitabu, Kiswahili chepesi chenye harufu ya kwetu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: Kwa Nekesa. Kukhu hakujua kusoma, lakini alionyeshwa neno lilipo, na kila alipokuja mgeni, aliweka kidole hapo kumwonyesha.

Senje bado yupo, ingawa macho yamemwacha. Siku hizi anasimulia na binti yangu, ambaye sasa humwita yeye Kukhu, anachapa kwenye simu, wakigombana kwa sababu simu inasahihisha majina ya Kiluhya. Juzi binti yangu aliweka hadithi moja mtandaoni. Kabla ya saa kumi ilikuwa imepata mioyo mingi, akamsomea habari hizo kwa furaha.

Senje akamgeukia. "Hao watu wamekaa wapi?"

"Kila mtu yuko kwake, Kukhu. Wanasoma kwa simu."

"Kila mtu peke yake?"

"Ndiyo."

"Sasa mtu akifika mahali pa kulia," Senje aliuliza, "ni nani anamshika?"

Binti yangu alinitazama mimi. Nami nikajifanya natafuta miwani yangu.