Karanga za Mbegu

Juzi kiongozi wa kina mama wa kanisa letu hapa Mkonze alinitumia ujumbe: Jumapili ni zamu yako ya ushuhuda, uwahi kidogo tujaribu maikrofoni. Basi, hayo ndiyo maandalizi yote. Mwenzangu, mimi ni mtu wa mashaka. Nikimwona mtu anashuhudia kwa kutiririka, huwa najiuliza jana alipita kwa nani kuomba radhi.

Bibi ndiye aliyeniachia ugonjwa huu. Alinilea Mpwapwa, na katika ushirika wao hakuna aliyesimama kunena habari za Mungu kabla hajajitakasa. Kufunga na kuomba peke yake hakukutosha. Ulikwenda kwa uliyemkosea, ukalitaja kosa waziwazi. "Kata chafu haimnyweshi mgeni," bibi alikuwa akisema.

Mwaka mmoja alikuwa na kibuyu cha karanga za mbegu, zimechanganywa na majivu ya kuzuia wadudu, kimening'inia jikoni kikingoja mvua. Kila alipokwenda kuteka maji, nilipanda juu ya kinu, nikajichotea kiganja. Nilizipuliza kidogo tu, nikazitafuna na majivu yake. Zilikuwa tamu, nisikufiche.

Kibuyu kikawa chepesi. Mtu wa nje aliyezoea kuingia jikoni mwetu ni jirani, mama mmoja mjane aliyekuja kuomba moto. Bibi hakumtaja. Alitazama tu upande wa nyumba yake, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mimi nilikuwa nimeegemea goti lake. Tangu siku hiyo jirani akija, bibi alimtolea kaa mlangoni.

Kisha zamu ya bibi kushuhudia ikafika. Siku mbili mfululizo mlenda wetu haukuwa na chumvi, na yeye hakugundua. Jumamosi akanishika mkono, tukaenda kwa jirani. Nilijua nimekamatika, napelekwa kushtakiwa. Bibi akasalimia, "Mbukwenyi," kisha akapiga magoti uani, kwenye vumbi.

"Dada yangu, nimekuita mwizi moyoni mwangu. Mbegu zangu zilipungua nikakudhania wewe. Nisamehe."



"Nilijua," jirani alisema. "Tangu uliponizuia mlangoni, nilijua."

Akamwinua. Akaingia ndani, akatoka na ungo wa karanga zake mwenyewe za mbegu, akammiminia bibi nusu kwenye kanga. Halafu akanitazama mimi. Mpaka leo nashuku aliujua ukweli. Nilinyamaza, na kesho yake bibi aliponena kanisa zima likalia, nilinyamaza tena. Naona aibu hata kuandika.

Baada ya ule ujumbe nilipanda basi hadi Mpwapwa. Bibi na jirani wote walishafariki. Pale uani kwa jirani pamejengwa fremu za maduka, na kijana wa duka akaniuliza nataka nini. Nikanunua vocha, nikampigia kiongozi wetu, nikamsimulia yote na kumwomba atafute msemaji mwingine.

Akacheka. "Jamani dada, karanga tu?"

Sikumlaumu. Yeye hakumwona bibi amepiga magoti kwa dhambi yangu, nami nimesimama nyuma yake, nimefumba mdomo.